Mfadhili akiondoka, duka lisifungwe

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya forodha katika mpaka mmoja wa kaskazini. Mbele yangu alisimama mama mwenye marobota mawili ya khanga na katoni kadhaa za sabuni. Mkononi alishika ile fomu fupi ya uasili wa bidhaa, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiweka kwa ajili ya mizigo isiyozidi Dola 2,000 za Marekani. Alihudumiwa kwa dakika chache, akaanza kutafuta wa kumbebea mzigo.

Nyuma yake walifuata vijana wanne wenye ngoma mbili, gitaa, kinanda na udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab. Walikuwa wakienda kupiga muziki upande wa pili na kurudi baada ya siku tatu na vyombo vilevile. Ofisa akawauliza kama wanakwenda kuviuza. Wakasema hapana. Akataka risiti. Udi ulikuwa wa marehemu babu wa mmoja wao. Risiti angeitoa wapi? Wakaambiwa wasubiri pembeni.

Yule mama alikuwa bado hajaondoka. Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, bora mimi na sabuni zangu. Hawa watoto kazi yao haina fomu."

Maneno hayo sijayasahau. Yananirudia kila ninaposikia kwamba kikundi fulani cha sanaa katika ukanda wetu kimeondokewa na mfadhili. Ni kweli, kazi yao haina fomu. Haina fomu mpakani, haina fomu benki, na katika hesabu za wengi wetu haihesabiwi kuwa biashara. Kwa hiyo mfadhili anapoondoka tunasema "pole", tunaendelea na safari.

Leo naomba tusiishie kwenye pole. Nataka tuitazame taasisi moja ndogo iliyopoteza mfadhili wake mkuu na bado ikafungua mlango mwaka uliofuata. Naitazama kwa jicho la mtu anayenunua na kuuza, kwa sababu naamini msomaji wa gazeti hili ataielewa habari hii kuliko mtaalamu yeyote wa sanaa.

Mteja mmoja wa jumla

Taasisi yenyewe ni Busara Promotions ya Zanzibar. Ilianzishwa mwaka 2003, na mwanzilishi wake ni Yusuf Mahmoud. Kazi yake kubwa ni tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Februari 2004 na ambalo kwa sehemu kubwa limekuwa likifanyika ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Sharti lake linajulikana: muziki upigwe papo hapo na watu wenye vyombo. Hakuna kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Jukwaa hilo limepokea wanamuziki wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko Afrika. Marehemu Bi Kidude aliimba hapo.

Kwa zaidi ya miaka kumi mfadhili wake mkuu alikuwa Ubalozi wa Norway. Wengine walikuwapo, lakini huyo ndiye aliyebeba sehemu nzito ya gharama za kuiendesha taasisi. Mwaka 2022 ufadhili huo ulifika mwisho. Kilichotokea ni kwamba mkataba uliisha, basi. Hapakuwa na ugomvi wala kashfa.

Ndugu mfanyabiashara, hali hiyo unaijua. Tuseme una wateja mia wa rejareja na mteja mmoja wa jumla. Wale mia wanakupa heshima mtaani, lakini huyu mmoja ndiye anayelipa kodi ya fremu, mshahara wa kijana wa dukani na karo ya watoto. Siku akihamia kwa mwingine, wale mia bado wanakuja, duka bado linaonekana lina watu, lakini wewe unajua mwisho wa mwezi hautafika salama. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Walimsema mvivu, lakini siku hizi hata mchapakazi yanamkuta akiwa na mteja mmoja tu.

Kilichoisaidia Busara mwaka 2022 ni kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kuumia. Tamasha la mwaka 2016 halikufanyika kabisa, kwa sababu fedha hazikutosha. Waandaaji walitangaza miezi kadhaa mapema kwamba mwaka huo hakuna tamasha, wakapumua, wakarudi mwaka 2017. Wapo waliocheka wakasema wamefilisika. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa kibiashara kuliko mwingi niliowahi kuripoti. Ni afadhali kufunga duka msimu mmoja kuliko kuchukua mzigo kwa mali kauli ilhali unajua hautauzika. Ukifunga kwa msimu, unapoteza faida. Ukikopa mzigo usiouzika, unapoteza jina, na mpakani jina ndiyo mtaji.

Halafu likaja janga la korona. Mwaka 2021, wakati matamasha mengi duniani yamefungwa, Sauti za Busara lilifanyika kwa siku mbili tu. Ufadhili ulipokwisha mwaka 2022, taasisi hii ilikuwa tayari inajua kupunguza shuka kulingana na kitanda. Tamasha lililokuwa la siku nne likawa la siku tatu. Badala ya kumtafuta mkubwa mmoja wa kuziba pengo lote, walikwenda kwa wengi, ikiwamo kampuni inayojenga mji mpya wa Fumba, na Februari 2023 tamasha la 20 likafanyika. Limeendelea tangu hapo.

Wanafia Septemba

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulishike, kwa sababu habari za aina hii huwa tunazimaliza kwa makofi mapema mno.

Mdhamini wa kibiashara anapotoa fedha, anataka jina lake lionekane. Hilo si kosa. Ndiyo maana ya udhamini. Anataka bango nyuma ya mwimbaji, anataka taa, anataka picha. Kwa hiyo fedha zake huja Februari, zikiwa na masharti ya Februari. Tamasha likiisha, mabango yanakunjwa.

Lakini taasisi ya sanaa haiishi Februari peke yake. Kuna mtu anayepokea maombi ya wanamuziki na kuyasikiliza moja baada ya jingine. Kuna mhasibu. Kuna wa kuandika barua za vibali na kufuatilia tiketi za ndege miezi kabla. Kuna umeme, intaneti, kodi ya ofisi. Hiyo ni kazi ya Juni, Julai na Septemba, wakati hakuna jukwaa wala taa, na hakuna mdhamini anayetaka jina lake liandikwe kwenye bili ya umeme.

Fedha za ubalozi zilikuwa na thamani hapo hasa. Zililipa mambo yasiyopigwa picha. Zilipoondoka, kilichotikisika zaidi ilikuwa ofisi, kabla hata ya jukwaa. Ndiyo maana nasema taasisi za sanaa hazifii jukwaani siku ya onyesho. Zinafia Septemba, kimya kimya, mhasibu anapoacha kazi na hakuna wa kumrithi. Mwaka unaofuata tunashangaa tamasha limekwenda wapi.

Mfanyabiashara analijua hili vizuri. Mteja anaponunua doti ya khanga hakuulizi habari za kodi ya fremu, lakini kodi hiyo imo ndani ya bei. Nauli ya basi imo. Chakula ulichokula ukisubiri mzigo kimo. Ukiuza khanga kwa bei ya khanga tupu, utafunga duka huku ukisifiwa kwa bei nzuri. Sanaa yetu imekuwa ikiuzwa kwa bei ya khanga tupu. Tiketi ya getini, hasa ya mwenyeji ambaye kwa haki kabisa huuziwa kwa bei nafuu kuliko mgeni, hailipi Septemba. Aliyekuwa akiilipa Septemba alikuwa mlipa kodi wa nchi ya mbali. Tusiseme hatukufaidika.

Na huyo wa mbali anapunguza matumizi. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada la USAID, na nchi kadhaa za Ulaya nazo zimekata bajeti za misaada. Dawa na chakula vikikosa fedha, ngoma itasubiri mwisho wa foleni. Anayepanga kwamba ubalozi fulani utarudi na mkoba anajidanganya.

Hatua chache kutoka Ngome Kongwe tuna mfano mwingine. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofahamika kwa kifupi DCMA, kilianza mwaka 2002 na kwa miaka mingi kilifundisha taarab, udi na ngoma katika jengo la forodha ya zamani. Mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kiko hatarini kufungwa. Wafadhili walikuwa wamepungua, na wanafunzi wengi hawakuwa na uwezo wa kulipa ada. Tamasha likikosa mwaka mmoja, linaweza kurudi. Mwalimu mzee wa udi akiondoka bila kumfundisha mtu, harudi.

Kabla ya balozi

Atakayesema sanaa haiwezi kuishi bila mgeni, namwomba ahesabu miaka. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar kilianza mwaka 1905. Culture Musical Club ilianza mwaka 1958. Vilizaliwa kama vyama vya wanachama, vyenye michango na viongozi wake, kabla mtu yeyote visiwani hajajifunza kuandika andiko la mradi. Na ukumbini kulikuwa na utaratibu ambao bado upo: mwimbaji akikugusa moyo, unainuka na kumtunza, noti mkononi, mbele za watu. Kutunza ni mapato, na ni mapato yanayotoka moja kwa moja kwa msikilizaji.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri zile zilikuwa bidhaa. Zilipakiwa, zikasafirishwa, zikauzwa madukani pwani yote na bara, na sauti ya mwanamke wa Zanzibar ikafika mahali ambako yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Ukitaka kujua nani alimfikisha, jibu ni mfanyabiashara.

Wanamuziki wenyewe wamekuwa wasafiri wa mipakani kabla ya wengi wetu. Samba Mapangala alitoka Kongo, akapitia Uganda, akafika Nairobi mwaka 1977. Remmy Ongala alitoka Kongo akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na nyimbo zake za Kiswahili zikawa za Watanzania. Leo mnunuzi kutoka Bunia anashuka Kariakoo na kupatana bei kwa Kiswahili bila mkalimani. Shule ilichangia, dini ilichangia, lakini redio na muziki navyo vilifanya kazi hiyo, tena bila kumtoza mtu ada. Kila unapopunguziwa bei kwa lugha unayoielewa, unakula matunda ya kazi hiyo.

"Nina tozo zangu, uniambie habari ya ngoma?"

Najua jibu litakalonijia, kwa sababu nimeshalipata. Niliwahi kulieleza wazo hili kwa mzee mmoja anayevusha vitunguu na mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kijana wangu, mimi nina ushuru, nina tozo za halmashauri, nina kizuizi barabarani, nina tairi limepasuka. Halafu uniambie habari ya ngoma?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya kwamba nililipata baadaye likamridhisha. Mzee yule ana haki. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani amekamuliwa na kila mwenye muhuri. Kumwongezea mchango wa lazima kwa ajili ya sanaa itakuwa dhuluma, na mimi sitauunga mkono.

Ninachosema ni kingine. Kwanza, tuache kuingia bure. Naanza na nafsi yangu. Kwa miaka yote ya kazi hii nimeingia kwenye matamasha kwa kitambulisho cha uandishi, nikala, nikacheza, nikaandika kwamba "sekta ya sanaa inakabiliwa na changamoto za kifedha". Sikuwahi kununua tiketi. Nilikuwa sehemu ya changamoto niliyoiandika. Wapo wenzangu wengi, na wapo maofisa na wafanyabiashara wakubwa wanaoona fahari kuingia kwa kadi ya mwaliko. Mwenye uwezo alipe. Ukimpenda muuza khanga hutaki akupe bure.

Pili, wafanyabiashara tayari wana vyombo vya kuchanga. Kenya mnaviita chama, Tanzania ni vikoba na upatu, na karibu kila soko lina namna yake. Simwombi mtu mmoja abebe tamasha. Nasema kikundi cha wafanyabiashara ambao Februari wanauza Forodhani, wanapangisha vyumba, wanabeba abiria au wanapeleka samaki hotelini, kinaweza kukaa na kuamua kwamba kila mwaka kitalipa mwezi mmoja wa umeme wa taasisi inayowaletea wageni. Mwezi mmoja tu, na uwe Septemba. Kikundi kingine kichukue Julai. Haba na haba hujaza kibaba, na faida yake kubwa ni hii: kibaba kilichojazwa na watu ishirini hakimwagiki mmoja akiondoka.

Tatu, anayechangiwa afungue daftari. Mwanakikoba hatoi shilingi bila kuona hesabu, na asitoe. Baadhi ya taasisi za sanaa zilizoea kumwandikia ripoti mfadhili wa mbali kwa lugha ambayo jirani haisomi. Sasa ziandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, zibandike ukutani: tulipata kiasi hiki, tulitumia hivi, tumebakiwa na hiki. Na zikimpata mdhamini mkubwa, zisione haya kumwambia kwamba sehemu ya fedha zake italipa ofisi. Akikataa, basi anataka maziwa bila kumlisha ng'ombe.

Nne ni ya serikali zetu. Jumuiya ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, lililoanzia Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Ni jambo jema, lakini ni sherehe ya kupokezana baada ya miaka miwili au zaidi, nayo huwabeba waliochaguliwa na nchi zao. Kikundi cha watu wanne kinachosafiri kwa basi kinahitaji kitu kidogo kuliko sherehe: karatasi. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatambua vitu vinavyoingizwa kwa muda na kurudishwa. Kama tuliweza kumtengenezea muuza sabuni fomu fupi, tunaweza kumtengenezea mpiga udi orodha ya ukurasa mmoja ya vyombo vyake, igongwe muhuri anapoingia, ikaguliwe anapotoka. Haihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Wala haihitaji mfadhili.

Jina la mahali

Mbele ya Ngome Kongwe kuna bustani ambayo jioni hujaa moshi wa mishikaki na sauti za wauza urojo. Watu hupaita Forodhani, na wengi hulitaja jina hilo bila kufikiri maana yake. Forodhani ni mahali pa forodha. Hapo ndipo mizigo ilipopokelewa, ikahesabiwa, ikatozwa. Tamasha kubwa la muziki la ukanda wetu linafanyika jirani kabisa na mahali ambapo mababu wa biashara yetu walikuwa wakisubiri kugongewa muhuri.

Kwa hiyo anaposema mtu kwamba sanaa na biashara ni mambo mawili, mimi humwonyesha jina la mahali. Jahazi lililoleta mchele na nguo lilileta na udi. Tofauti ni kwamba mchele na nguo tulivipangia utaratibu wa kulipiwa, na udi tukamwachia mfadhili.

Busara imetuonyesha kwamba mfadhili mkuu anaweza kuondoka na mlango ukabaki wazi. Haijatuonyesha bado kwamba utabaki wazi miaka kumi ijayo, na wadhamini wa kibiashara nao wana mikataba yenye mwisho. Hilo litategemea nani analipa Septemba.

Wale vijana wanne mpakani waliruhusiwa kuvuka baada ya saa tatu hivi, jua likielekea kuzama. Yule mama wa sabuni alikuwa ameshaondoka zamani. Lakini kabla hajapanda gari lake alirudi pale pembeni walipokaa, akafungua katoni, akampa kila mmoja kipande cha sabuni. "Mkaoge vizuri kabla ya kupanda jukwaani," akawaambia, "na mkirudi mniletee habari."

Hakuwa na fomu ya kufanya hivyo. Alitoa alichokuwa nacho.